Pua ya Baba

Nyumba yetu ya Isevya ilijulikana kwa harufu yake. Mgeni akiuliza njia aliambiwa afuate pua mpaka aone mitungi. Mama yangu alikuwa mpishi wa wanzuki, pombe ya asali, na mtaani hapakuwa na wa kumfikia. Hata waliomsema vibaya kwa mambo mengine walimsema huku wameshika kata mkononi. Mimi ndiye binti yake mkubwa. Wakati ninaousimulia nilikuwa nimekwisha kuvunja ungo, nachota maji, nachochea moto, na kila siku naonywa niuchunge mdomo wangu mbele ya walevi. Sikuwahi kuuchunga vizuri, na katika uzee huu bado haujachungika.

Asali ilitoka kwa Baba. Yeye alikuwa mrina asali, na mizinga yake ya magome alikuwa ameitundika katika msitu wa magharibi, mwendo wa siku mbili kwa njia ya zamani ya wapagazi, ile iliyokuwa ikipeleka misafara Ujiji. Reli ilikuwepo. Mwingereza alipoitwaa nchi aliikuta Mjerumani ameshaijenga, na gari moshi lingeweza kumshusha Baba karibu kabisa na miti yake. Lakini babu yangu alikuwa mpagazi, tena kirangozi, yaani yule anayetangulia mbele ya msafara na baragumu lake, na Baba alikuwa akisema kwamba mtoto wa kirangozi hawezi kukubali kupakiwa kama gunia. Mama alisema huo ni ubishi tu. Nadhani wote wawili walisema kweli.

Pua ya Baba ilikuwa habari nyingine. Ukimletea asali kwenye kata, aliipitisha chini ya pua mara moja tu na kukwambia nyuki walikula ua la mti gani. "Muba," angesema, kama ni asali ya baada ya masika. "Mtundu," kama ni ile inayopatikana mvua za kwanza zinapokaribia. Mara nyingine zilichanganyika, naye alifumba macho na kusita, sisi tukiwa tumemkodolea. "Muba," angesema hatimaye, "lakini kuna mninga kaingia kwa mlango wa uani." Tulicheka kila mara, ingawa mzaha wenyewe ulikuwa uleule mwaka baada ya mwaka.

Pombe ya Mama nayo ilipita kwenye pua hiyo. Mtungi ukifikia siku yake, Mama aliufunua, akachota kidogo kwa kata, akaibeba kwa mikono miwili mpaka alipoketi Baba, akamshikia chini ya pua. Baba hakuonja. Alivuta pumzi, akafumba macho, kisha akatoa hukumu. "Bado. Kesho." Au, "Tayari." Na Mama kila mara alijibu maneno yaleyale, "Nami nilifikiri hivyohivyo." Kwa kweli hakuwa na haja ya kuambiwa, maana mtungi wake aliujua kuliko alivyotujua sisi watoto. Wazazi wa siku zile hawakushikana mikono mbele ya watu. Wangu walishikana pale, juu ya ile kata, na mimi nilikuwa nikitafuta kisingizio cha kupita karibu ili niwaone.

Tena kulikuwa na baragumu. Baba alipokuwa akirudi kutoka msituni hakuingia mjini na vumbi la safari, kwa sababu wapagazi wa zamani hawakufanya hivyo. Alitua mzigo kwenye kisima kilicho nje kidogo ya mji, akaoga, akavaa kanzu nyeupe aliyoibeba imekunjwa ndani ya ngozi ili isiguswe na asali. Halafu alipiga baragumu la babu. Ulikuwa mlio mrefu, mzito, unaopanda kidogo mwishoni kana kwamba anauliza kama tupo. Kazi zote zilisimama. Mama alijifunga kanga upya na kujifanya hana haraka. Mimi nilikimbia njiani nikiwa na unga mpaka viwikoni. Kama ningeambiwa nichague kitu kimoja cha kusikia tena kabla sijafa, ningechagua mlio ule, wala nisingefikiri mara mbili.

Sasa niseme juu ya kibuyu. Warina asali wa kwetu walikuwa na desturi ya kunywa wanzuki chini ya mti kabla ya kupanda. Walisema mwiba wa nyuki hauumi sana mtu mwenye wanzuki tumboni, na kwamba nyuki hutambua asali yao katika pumzi yake wakamwonea huruma. Hilo la pili sijui nani alilitunga. Nimeumwa na nyuki mara nyingi na sijaona hata mmoja aliyekuwa na huruma. Kwa vyovyote vile Mama alimjazia Baba kibuyu kila safari, tena alimchagulia ile iliyoiva vizuri kuliko zote, akakiziba kwa gunzi la muhindi na kumfungia begani mwenyewe. Ilikuwa kata moja kwa mti mmoja, kwa heshima ya nyuki. Ukiisikia hivyo unaona ni kidogo. Tatizo ni kwamba mrina asali ana miti mingi, na mti wa mwisho wa siku anaupanda akiwa na heshima ya miti yote tumboni.

Walikuwa na desturi nyingine kule kambini, na hii nayo lazima niiseme. Mtu aliyelala kwa pombe hasumbuliwi. Hachekwi akiwa usingizini, hatikiswi, haitwi jina. Wenzake humgeuza uso usipigwe na jua, humsogezea mbali shoka lake asije akajikata, humfunika nguo na kumwacha mpaka aamke mwenyewe. Ilikuwa adabu yao, na ni adabu nzuri. Mpaka leo sijui niichukie au niisifu.

Mwaka wenyewe masika yalikuwa yamekwisha, majani yanaanza kukauka, na ulikuwa msimu wa asali ya muba. Nilikuwa uani napepeta mtama baragumu lilipolia kisimani. Niliinuka mbio kama kawaida yangu, kisha nikasimama. Mlio ulikatika katikati, ukaanza tena, ukatoka na mate mengi. Hiyo haikuwa pumzi ya Baba.

"Ni mjomba anayepiga," nilimwambia Mama.

"Baba yako amempa ajifunze," alisema, lakini naye alikuwa ameacha kufunga kanga yake.

Mjomba alikuwa ndugu mdogo wa Mama, na ndiye aliyefuatana na Baba msituni. Mtu mwema, mcheshi, asiyejua kupiga baragumu, wala kuimba, wala kunyamaza. Tuliwaona wakitokea njiani pamoja na warina asali wengine waliobeba mizigo. Baba alikuwa amemshika mjomba begani. Kanzu yake nyeupe ilikuwa imevaliwa kombo juu ya mwili usiooga, na nilielewa hapohapo kwamba alivishwa. Harufu ya wanzuki ilimtangulia. Alikuwa akinuka mtungi mzima, nguo, kifua, hata nywele.

Nilipiga magoti. "Shikamoo, Baba."

Baba hakuwahi kuacha salamu yangu ianguke chini, hata siku alizokuwa na hasira nami. Safari hii alinitazama kwa tabasamu la mtu anayejaribu kukumbuka uso aliouona sokoni. "Mvua inanyesha?" aliuliza. Mbingu ilikuwa kavu, haina hata wingu la kuazima. Majirani waliokuja kupokea asali walicheka sana.

Mama hakucheka. Aliona aibu, na Mama akiona aibu ulimi wake ulikuwa mkali kuliko wangu.

"Umekunywa msitu mzima?" alimwambia. "Mtoto wa kirangozi anaingia mjini kashikiliwa kama kikapu! Mimi nakujazia kibuyu kwa heshima yako, wewe unaniletea fedheha mbele ya watu!"

"Dada, mwache alale," mjomba alisema. "Yuko hivyo tangu juzi. Itamtoka."

"Na alale basi! Chakula atapata akikumbuka jina lake."

Alimlaza kitandani kwa mikono mizito, bado anamsema. Alimsema juu ya kichwa chake huku anamvua makubadhi. Kisha akatoka, akakaa uani ameupa mlango mgongo, akaanza kuchambua mchele ambao ulikuwa umekwisha kuchambuliwa.

Niliingia kumpelekea maji ya kunywa. Baba alikuwa amelala ubavu, anakoroma kwa namna nisiyoizoea, pumzi ndefu kisha kimya. Mto ulikuwa umelowa. Nilidhani ni jasho. Niligusa, nikaona vidole vyangu vina rangi nyekundu hafifu, kama maji yaliyooshewa nyama. Yalikuwa yakitoka sikioni.

Nilimwita Mama. Aliingia akiwa na neno jingine kali mdomoni, niliona midomo yake ikiwa tayari kulitoa. Aliinama, akatazama sikio, akatazama mto. Lile neno sikulisikia, na nadhani hakulisema tena kwa mtu yeyote maishani mwake.

Tulimpeleka hospitali kwa mkokoteni wa jirani yetu muuza chumvi. Mjomba alisukuma, Mama alikishika kichwa cha Baba kisiyumbe, mimi nilikimbia pembeni nikiwafukuza nzi. Dresa aliyetupokea alimpapasa kichwa polepole nyuma ya sikio, akauliza, "Ameanguka wapi?"

"Hajaanguka," Mama alisema. "Amelewa."

"Tangu lini?"

"Tangu juzi," Mama alijibu, na sauti yake ikaishia njiani, kwa sababu alikuwa amelisikia jibu lake mwenyewe. Mama aliijua pombe yake. Hakuna wanzuki inayomlewesha mtu tangu juzi.

Hapo ndipo mjomba alipokaa chini, pale sakafuni, katikati ya watu. "Kienge kilikuwa juu," alisema.

Ilituchukua muda kumwelewa. Jioni ile ya juzi walimkuta Baba amelala chini ya mti wa mwisho, kibuyu kitupu kando yake. Wakasema, shemeji leo kamaliza heshima yote kabla ya kazi. Wakamfanyia adabu ya kambi: wakamgeuza uso, wakamsogezea mbali shoka, wakamfunika. Asubuhi aliamka anatapika, ameshika kichwa. Wakacheka, wakampa wanzuki ya kuzimua. Akaitapika. Wakampa nyingine, na iliyomwagika ikalowa nguo zake. Alikuwa na mchubuko nyuma ya sikio, nao wakauosha kwa wanzuki ileile, maana ndiyo dawa waliyokuwa nayo. Kabla ya kuondoka mjomba alirudi chini ya mti kukusanya vyombo. Akainua macho. Kienge cha moshi, kile ambacho mrina asali hupanda nacho kuwapumbazia nyuki, kilikuwa juu, kimebanwa kwenye panda ya tawi karibu na mzinga, kimeungua mpaka mwisho.

Mtu aliyelala kabla ya kupanda hawezi kuwa na kienge juu ya mti. Na mrina asali hateremki akakiacha kienge chake, kwa sababu kinaweza kuuchoma mti pamoja na mzinga.

"Nilikiona, dada," mjomba alisema. "Nikasema, leo kalewa mpaka kasahau kienge. Nimewachekesha watu kwa hilo njia nzima."

Mama hakumgombeza. Aliweka mkono juu ya kichwa cha ndugu yake, na mkono wenyewe ulikuwa na yale maji mekundu.

Tangu siku hizo nimesikia wahubiri wakisema pombe ni shetani mwenyewe, na nimesikia walevi wakiapa kwamba haijawahi kumdhuru mtu. Wote wawili wananichosha. Ninaamini wanzuki ndiyo iliyomlegeza Baba mkono juu ya tawi, maana mti ule alikuwa ameupanda miaka yote na hakuwa mtu wa kuteleza. Lakini zaidi ya kumwangusha, ilimficha. Alikuwa ameumia mbele ya macho yetu, sisi tukamwona mlevi. Angekuja bila ile harufu, anayumba, anauliza mvua katika kiangazi, tungepiga yowe mtaa mzima ukajaa. Kwa sababu ya harufu watu walicheka, na mke wake akamnyima chakula. Ndiyo maana mimi siwezi kumpita mtu aliyelala kando ya kilabu cha pombe. Namwinamia, namtikisa, namuuliza jina lake na jina la mama yake. Nimetukanwa kwa ajili hiyo, na siku moja nilitapikiwa kanga mpya, lakini sijaacha.

Baba hakufa. Alikaa hospitalini mpaka majani ya miti yakapukutika. Maneno yalimrudia kidogo kidogo, kisha miguu, kisha mzaha. Siku aliponiitikia "Marahaba, mwanangu" nilitoka nje nikalia kwa furaha mpaka mgonjwa mwingine akanipa pole akidhani nimefiwa. Aliruhusiwa kurudi nyumbani kwa sharti kwamba asipande mti tena, na hata bila sharti asingeweza, kwa sababu akitazama juu dunia ilimzunguka. Baragumu nalo tulilitundika ukutani. Kulipuliza kulimrudishia kizunguzungu.

Tulidhani hesabu ya hasara imeishia hapo. Mama alikuwa amempikia mtungi wa kumkaribisha. Aliufunua, akachota, akaja nayo kwa mikono miwili kama zamani. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na ungo, bila kisingizio chochote, nataka tu kuwaona.

Baba alivuta pumzi. Akangoja. Akavuta tena. Akaitazama ile kata, akamtazama Mama huku anacheka kidogo, kama mtu anayefanyiwa mzaha.

"Mbona umeniletea maji?" aliuliza.

Lilikuwa ni povu zito la wanzuki, harufu imejaa nyumba nzima. Alijaribu mara ya tatu. Kisha tabasamu lake likaondoka, akaanza kunusa vitu vingine: mkono wake, mkeka, kanga ya Mama. Aliomba kitunguu, nikamkatia. Aliomba moshi, nikamletea kijinga cha moto, macho yakamtoka machozi lakini pua haikumwambia kitu. Lile pigo lilikuwa limekwenda na pua yake.

Mama alimwaga mtungi ule siku hiyohiyo. Halafu aliichukua mitungi yote, mmoja baada ya mwingine, akaipindua midomo chini kando ya ukuta. "Haitainuka," alimwambia Baba, "mpaka pua yako irudi." Aliyasema kwa upole, lakini Mama akisema jambo kwa upole ujue limekwisha.

Baba alimsihi. Alimwambia pombe haikupanda mti, aliyepanda ni yeye. Alimwambia nyumba bila wanzuki haina tofauti na kituo cha polisi. Mama alikwenda shambani alfajiri na kurudi jua likizama, asiwe na muda wa kusihiwa. Wageni waliacha kuja. Mimi niliyekuwa nikiwachukia walevi wetu na nyimbo zao mbaya nilianza kuwatamani. Siku moja tukisaga unga Mama aliniambia, bila kunitazama, "Nilimgombeza amelala vile. Sikio linatoka maji, mimi nagombeza." Akaendelea kusaga.

Nami nilimtamani Baba, ingawa alikuwepo. Sijui kama mtu mwingine amewahi kuyaona haya, kumkumbuka mtu ambaye umekaa naye mkeka mmoja. Alikula kila kitu kwa adabu ileile, dagaa wazuri na dagaa waliooza, mpaka nikawa namwonjea kabla hajala. Asali hakuigusa. Alisema utamu mtupu bila harufu unamkera, ni sawa na kuzungumza na mtu aliyekupa mgongo.

Mvua ya kwanza ilipokuja mwaka huo alitoka akasimama uani bila kofia. Zamani ndiye aliyekuwa akitutangazia mvua kabla haijafika, aliinusa ikiwa bado iko mbali magharibi. Matone yalimpiga usoni. Aliniita.

"Inanukaje?" aliuliza.

"Inanuka udongo, Baba."

"Udongo naujua. Niambie harufu."

Nilijaribu. Nilisema vumbi, nikasema mtungi mpya ukitiwa maji, nikasema majani. Kila nilichosema alikiitikia kwa kichwa, anangoja kingine, na mimi nilikuwa nimeishiwa. Nilikasirika, si kwake, sijui kwa nani. Nikamwambia, "Inanuka kama siku ulizokuwa ukirudi." Hapo aliacha kuuliza, akanishika mkono, tukalowa wote wawili mpaka Mama akatuita ndani.

Mvua hizo zilikuwa hazijakolea mjomba alipofika na asali. Alikuwa akienda msituni na mizinga ya Baba aliitunza, lakini siku zile aliingia mjini kimyakimya kwa njia ya nyuma. "Mwangaluka," alisalimu kwa Kinyamwezi, akatua mzigo mbali na Baba, kama alivyokuwa akifanya kila mara.

"Lete kata," Baba alisema.

Tukatazamana. Mjomba akaileta. Baba aliipitisha chini ya pua, akafumba macho, akasita kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona.

"Mtundu," alisema.

Mama alikuwa anapepeta. Ungo ulimtoka mikononi, kunde zikatawanyika ua mzima. Mjomba alianza kucheka na kulia kwa pamoja, anarudia, "Mtundu, shemeji! Mtundu kabisa!" Mama alimuuliza Baba mara moja tu, "Kweli?" naye akamjibu, "Imeanza kurudi. Kwa mbali." Kabla kuku hawajamaliza zile kunde Mama alikuwa ameshainua mtungi mmoja na kuusugua.

Mimi niliziokota kunde zilizobaki, nikiwa nimeinama ili wasinione uso. Wakati ule wa mwaka kuna asali gani nyingine? Hata mjomba angesema mtundu, hata kipofu asiye na pua. Lakini nilitaka iwe kweli kuliko nilivyotaka kujua.

Siku ya mtungi ilipofika niliijua habari yake nikiwa bado mlangoni. Labda chachu ilikuwa imelala mno, labda Mama mkono wake ulikuwa umesahau. Mtungi ulikuwa umechacha vibaya, unanuka siki mpaka unakuna koo. Mama aliufunua, akarudisha kichwa nyuma. Alibaki ameshika kifuniko.

"Leta basi!" Baba aliita kutoka mkekani. Alikuwa amevaa kanzu yake nyeupe. Sijui aliivaa saa ngapi.

Mama alichota. Alikwenda nayo kwa mikono miwili, polepole, akamshikia chini ya pua. Baba alivuta pumzi na kufumba macho.

"Tayari," alisema. "Hii imekuja vizuri kuliko zote ulizowahi kupika."

Nilifungua mdomo. Mama alinigeukia, akanitazama mara moja tu, na hiyo ndiyo siku pekee mdomo wangu ulipotii. Kisha akamrudia mumewe.

"Nami nilifikiri hivyohivyo," alisema.

Aliimwaga nyuma ya nyumba, kwenye mipapai, Baba alipokwenda kusali. Alimwambia imeisha, watu waliigombania. Hakupika tena wanzuki maisha yake yote. Ila ule mtungi mmoja hakuupindua. Ulibaki wima mahali pake, umefunikwa.

Niliolewa upande wa Usinge, nikawa nakuja kwao kwa gari moshi, mimi mjukuu wa kirangozi, nimepakiwa pamoja na magunia. Safari moja nilifika mchana wa msimu wa muba. Niliingia kwa mlango wa uani bila kubisha. Baba alikuwa mkekani amevaa kanzu, nywele zimekuwa nyeupe. Mama alikuwa ameinama juu ya mtungi, anachota. Nilipita karibu naye kwenda kutua mzigo, na nikaona ndani. Yalikuwa maji ya kisima, masafi, unaona mpaka ufinyanzi wa chini.

Mama aliibeba kata kwa mikono miwili, akamshikia Baba. Baba alivuta pumzi, akafumba macho.

"Bado," alisema. "Kesho."

"Nami nilifikiri hivyohivyo."

Moyo uliniuma kwa hasira kidogo. Nilidhani Mama anamchezea mgonjwa kama mtoto. Kisha nikakumbuka kwamba lile pigo lilichukua pua tu. Macho ya Baba yalikuwa mazima, aliweza kumtaja mtu akiwa bado ng'ambo ya reli. Wanzuki ni ya manjano, ina povu. Baba aliyaona yale maji. Alikuwa akiyaona siku zote.

Akaniona nimesimama. Nilipiga magoti nikamwamkia, akaniitikia. Kisha aliichukua kata kutoka mikononi mwa Mama, akaninyooshea mimi.

"Hebu na wewe," alisema.

Mama alikuwa ananitazama. Niliinama juu ya maji, nikavuta pumzi. Yalinuka kibuyu tu, na ubaridi wa kisima. Nikafumba macho.

"Bado," nikasema. "Kesho."